Fundi Kabla ya Mguu: Historia ya Chuo cha Viungo Bandia cha Moshi

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu. Mikutano ilifanyika, hotuba zikatolewa, stempu zikachapwa. Mwaka huohuo, mjini Moshi, Tanzania, kikaanza chuo kilichodumu kuliko hotuba hizo. Kilikuwa chuo cha kufundisha mafundi wa kutengeneza miguu na mikono bandia, pamoja na vyuma na mikanda ya kuegemeza viungo vilivyodhoofika. Kinajulikana kwa kifupi cha jina lake, TATCOT, na kimesimama ndani ya eneo la Hospitali ya KCMC, chini ya Mlima Kilimanjaro. Zaidi ya miaka 40 imepita, na wahitimu wake wanafanya kazi katika hospitali za nchi nyingi za Afrika.

Tunaisimulia historia hii kwa heshima ya walioijenga, na pia kwa faida ya miji mingine. Kila mara shirika la hisani, kanisa au kundi la watu wema linapotaka kuanzisha kliniki ya viungo bandia, swali la kwanza huwa lilelile: tuanze na nini? Wengi huanza na jengo, mashine na kontena la vifaa. Moshi walianza na mwalimu, na hatua hiyo moja ndiyo iliyoamua yote yaliyofuata.

Hospitali ya Msamaria Mwema

KCMC ilifunguliwa mwaka 1971. Ni hospitali ya makanisa, chini ya Taasisi ya Msamaria Mwema, iliyojengwa kwa michango ya waumini wa ndani na wa nje ili kuwahudumia watu wa kaskazini mwa Tanzania. Hospitali kubwa ya namna hiyo hupokea kila ajali na kila ugonjwa unaoshindikana wilayani. Miaka ya 1970 walikuja watoto waliopooza miguu kwa polio, watu ambao ukoma ulikuwa umewala vidole na nyayo, wakulima walioangukiwa na miti, abiria waliovunjika katika ajali za mabasi. Daktari wa upasuaji aliweza kumwokoa mgonjwa kwa kumkata mguu uliooza. Kilichobaki baada ya hapo ni magongo na njia ya kurudi nyumbani.

Afrika Mashariki haikuwa imelala. Kenya ilikuwa na chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, tangu mwaka 1958. Rwanda, huko Gatagara, Padri Joseph Fraipont alianzisha mwaka 1960 nyumba ya kuwalea na kuwatibu watoto wenye ulemavu. Kampala, katika Hospitali ya Mulago, Profesa Ronald Huckstep alionyesha miaka ya 1960 kwamba vyuma vya miguu na magongo ya watoto wa polio vinaweza kutengenezwa papohapo kwa vifaa vya bei nafuu, badala ya kuagizwa Ulaya. Kazi hizo zote ziliwasaidia watu wengi. Lakini zote zilikutana na ukuta mmoja: mafundi walikuwa wachache mno, na wengi wao walijifunza kwa kumtazama mgeni aliyekuwapo. Mgeni akiondoka, ujuzi nao huanza kupungua.

Makubaliano ya 1981

TATCOT kilizaliwa kutokana na ushirikiano wa Serikali ya Tanzania na Ujerumani Magharibi ya wakati huo, kupitia shirika lake la misaada ya kiufundi, GTZ. Ujerumani ina mapokeo ya muda mrefu ya ufundi huu. Kule mwanafunzi hukaa miaka kadhaa karakanani chini ya fundi mkuu kabla ya kuruhusiwa kumgusa mgonjwa peke yake. Walimu wa mwanzo walikuja Moshi na nidhamu hiyo, na chuo kikaijenga katika mtaala wa miaka mitatu unaoishia kwenye stashahada.

Miaka mitatu ilionekana mingi kwa baadhi ya watu. Palikuwa na watu wanaosubiri miguu, na palikuwa na wafadhili waliotaka kuhesabu miguu iliyotolewa kabla ya mwaka wa fedha kuisha. Chuo kilishikilia muda wake, na sababu inaeleweka ukitazama masomo yenyewe. Mwanafunzi hujifunza mifupa, misuli na mishipa ya fahamu kama anavyojifunza mwanafunzi wa tiba. Hujifunza jinsi mtu anavyotembea, hatua kwa hatua, na nguvu zinazopita kwenye goti na nyonga. Hujifunza kuchora, kuchomelea, kuchonga, kushona ngozi na kufinyanga plastiki. Kisha hujifunza jambo lisilo na kitabu chake, yaani kumsikiliza mtu aliyepoteza sehemu ya mwili wake na bado hajakubali.

Chama cha kimataifa cha taaluma hii, ISPO, kilichoanzishwa Copenhagen mwaka 1970, kilikitambua chuo hiki na stashahada yake. Utambuzi huo ulikuwa na uzito wake. Mhitimu wa Moshi angeweza kuajiriwa Malawi, Zambia au Uganda bila kuulizwa kama alichojifunza ni ufundi wa kweli. Kwa nchi zinazosomea kwa Kifaransa, kazi ya namna hiyo imefanywa kwa muda mrefu na shule ya Lomé, Togo. Moshi ikawa kituo cha nchi zinazosomea kwa Kiingereza.

Kadiri miaka ilivyopita, Watanzania wenyewe wakashika usukani. Harold Shangali alikiongoza chuo kwa miaka mingi na kuifanya sauti ya mafundi wa Afrika isikike katika mikutano ya kimataifa ya taaluma hii. Baadaye chuo kikaongeza masomo ya shahada, na kozi fupi zaidi kwa mafundi wanaotaka kubobea katika eneo moja tu, kama vile miguu bandia au vifaa vya kuegemeza mgongo.

Mguu unavyotengenezwa

Anayetaka kuelewa kwa nini chuo kilisisitiza miaka mitatu na akae karakanani siku moja atazame.

Mtu aliyekatwa chini ya goti hapimwi mguu siku kidonda kinapofunga. Kigutu huwa bado kimevimba. Hufungwa bandeji ya kuvutika kwa wiki kadhaa ili kinywee na kupata umbo, huku mtaalamu wa tiba ya viungo akimfundisha mgonjwa kulinyoosha goti. Goti likizoea kukunjika, mguu bandia hautamfaa hata ukitengenezwa na fundi hodari namna gani.

Siku ya kipimo, fundi hukivisha kigutu soksi nyembamba ya pamba. Kwa kalamu maalumu huweka alama juu ya mifupa: pia ya goti, kichwa cha mfupa mdogo wa pembeni, ncha ya mfupa uliokatwa. Alama hizo zitahamia kwenye plasta. Kisha huzungusha bandeji ya plasta iliyoloweshwa, na inapoanza kushika hukandamiza kwa vidole gumba viwili pande zote mbili za ukano ulio chini ya pia ya goti. Hapo ndipo sehemu kubwa ya uzito wa mwili itakapoegemea, kwa sababu ukano huo huvumilia mgandamizo, ilhali ncha ya mfupa uliokatwa haivumilii.

Ganda likikauka huvuliwa, humiminiwa uji wa plasta, na ndani yake hutoka sanamu kamili ya kigutu. Sasa fundi hushika tupa. Panapostahimili uzito hupunguza milimita chache, panapouma huongeza plasta. Fundi akikosea kidogo tu katika hatua hii, mgonjwa hutokwa na malengelenge, halafu kidonda, na mwisho mguu husukumwa uvunguni na mwenyewe hurudi kwenye magongo. Miguu mingi iliyoletwa na watu wema imeishia uvunguni kwa kosa la namna hiyo, na takwimu za wafadhili huendelea kuihesabu kuwa imetolewa.

Kinachofuata ni plastiki. Shiti la polipropilini huwekwa katika tanuri hadi liwe jororo na kuanza kupitisha mwanga. Mafundi wawili wenye glavu hulitoa haraka, hulifunika juu ya sanamu na kubana mshono, na pampu hufyonza hewa hadi plastiki ikamate kila bonde na kila kilima cha kigutu. Ikipoa hukatwa, na kinachobaki ni kikombe kinachopokea kigutu, ambacho mafundi hukiita soketi. Chini yake huungwa mlingoti na unyayo wa mpira.

Hatimaye mgonjwa husimama kati ya vyuma viwili sambamba, mikono ikishikilia. Fundi huchuchumaa mbele yake. “Baba, hamishia uzito huku. Wapi panauma?” Humtazama anavyotembea kwenda na kurudi, hulegeza skrubu, huusogeza unyayo nje kidogo, hukaza tena. Kazi hii inaweza kuchukua asubuhi nzima. Mgonjwa akiondoka, fundi tayari amemwambia tarehe ya kurudi.

Vifaa vinavyokubali mazingira

Mwanzoni miguu bandia ya Afrika ilifuata ile ya Ulaya: mbao, ngozi, chuma na resini za bei ghali. Ngozi huoza kwa jasho na mvua. Chuma hushika kutu pwani. Resini huagizwa nje na huharibika ghalani. Mabadiliko makubwa yaliletwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliyoanza mpango wake wa kuwarudishia watu uwezo wa kutembea mwaka 1979 na kuunda mfuko maalumu wa watu wenye ulemavu mwaka 1983. Mafundi wake walitengeneza mfumo wa polipropilini, plastiki nafuu inayoweza kuyeyushwa na kutumika tena, isiyoogopa maji na rahisi kurekebishwa. Mwaka 2004 mfumo huo ulipata tuzo ya Brian Blatchford ya ISPO.

India nayo ilikuwa imetoa mchango wake. Unyayo wa Jaipur, uliobuniwa mwaka 1968 na fundi Ram Chandra Sharma pamoja na daktari P. K. Sethi, ulitengenezwa kwa mpira ili mkulima aweze kutembea pekupeku topeni, kuchuchumaa na kukaa chini. Mawazo hayo yote mawili yanatoka kwenye kanuni moja ambayo Moshi imeifundisha kila darasa: mguu lazima ukubali maisha ya mwenye mguu. Mama anayepanda mteremko wa Kilimanjaro na mkungu wa ndizi kichwani anahitaji unyayo tofauti na karani wa benki ya Nairobi.

Viti vya magurudumu vilifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1999, kwa kushirikiana na shirika la hisani la Uingereza liitwalo Motivation, chuo kilianzisha kozi ya mafundi wa viti vya magurudumu. Kiti cha hospitali chenye magurudumu madogo ya mbele hukwama kwenye mchanga na mawe. Kozi iliwafundisha mafundi kumpima mtu na kumtengenezea kiti kinachomlinda dhidi ya vidonda vya mgandamizo na kinachopita kwenye barabara zetu zilivyo.

Septemba 2000

Mwezi wa Septemba 2000 Moshi ilipokea wataalamu kutoka mabara mbalimbali. ISPO, Shirika la Afya Duniani na shirika la misaada la Marekani, USAID, walikutana hapo kukubaliana juu ya teknolojia ya kuegemeza viungo inayofaa nchi zenye kipato kidogo. Mkutano uliotangulia, kuhusu miguu na mikono bandia, ulikuwa umefanyika mwaka 1995 Phnom Penh, Kambodia, nchi iliyojaa mabomu ya ardhini. Kuchaguliwa kwa Moshi kulikuwa heshima kwa chuo kilichokuwa na umri wa miaka 19 tu. Walimu wa Kiafrika walikaa mezani kama wenyeji na kama wataalamu.

Uhitaji wa mafundi kama hao ulikuwa dhahiri. Miezi mitatu kabla ya mkutano huo, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi isiyo yao. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliofika baadaye ulieleza kuwa makombora zaidi ya 6,600 yaliuangukia mji, raia zaidi ya 760 waliuawa na takriban 1,700 walijeruhiwa, na nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa au kubomolewa. Waliojeruhiwa kwa vipande vya kombora ni watu wanaofahamika vizuri katika karakana za viungo bandia. Mfupa wao umesagwa, kigutu chao kina makovu, na mara nyingi huhitaji kukatwa tena.

Funzo kwa Kisangani

Mtaa wa Simi-Simi, mjini Kisangani, una uwanja wa ndege wa zamani ambako askari wa miavuli wa Kibelgiji walitua alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964. Watu wa huko wanajua mambo yanayofika kwa ndege na kuondoka kwa ndege. Misaada ya viungo bandia nayo imekuwa na tabia hiyo katika sehemu nyingi za Afrika: timu inakuja, inatoa miguu mia moja, inapiga picha, inaondoka. Baada ya miaka miwili au mitatu unyayo wa mpira umekwisha, soketi imelegea kwa sababu kigutu kimepungua, na hakuna wa kuurekebisha.

Msalaba Mwekundu uliwahi kupiga hesabu ambayo kila mfadhili angepaswa kuibandika ukutani. Mtoto aliyepoteza mguu akiwa na miaka 10, na akaishi miaka 40 au 50 zaidi, atahitaji miguu bandia ipatayo 25 maishani. Mtoto hukua, na mguu bandia haukui naye. Kumpa mguu mmoja ni kuanza ahadi ya nusu karne. Ahadi kama hiyo inaweza kutimizwa na fundi anayeishi mjini humo, anayelipwa mshahara, na aliye na mwanafunzi atakayempokea.

Ndiyo maana hesabu ya mafundi ni muhimu kuliko hesabu ya miguu. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na ISPO hukadiria kwamba watu wapatao 5 kati ya kila 1,000 wanahitaji kiungo bandia au kifaa cha kuegemeza kiungo. Katika mji wa watu milioni moja, hao ni 5,000. Viwango vilivyochapishwa na shirika hilo mwaka 2017 vinapendekeza wataalamu 5 hadi 10 kwa kila watu milioni moja. Idadi hiyo haitishi. Mkoa unaweza kuwapeleka vijana kusoma wawili wawili, Lomé au shule nyingine inayotambuliwa, na ndani ya miaka kumi na mitano ukawa na kundi kamili.

Fedha nazo zimeanza kupatikana kwa njia ambayo haikuwapo mwaka 2000. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo fidia ya dola milioni 325 kwa vita vya miaka hiyo, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa madhara waliyopata watu. Kongo imeunda mfuko wa kuwalipa waathirika, FRIVAO, wenye makao yake Kisangani. Fidia ni haki ya mwathirika mmoja mmoja, na apewe mkononi mwake. Hata hivyo, mtu aliyekatwa mguu akipokea pesa na asimpate fundi wa kumhudumia, amepata nusu ya haki. Serikali ya Kongo ilijiunga na Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015. Ibara ya 20 ya mkataba huo inazitaka nchi kuwawezesha watu wenye ulemavu kutembea na kusafiri kwa kujitegemea, na inataja wazi mafunzo ya wataalamu wanaowahudumia.

Moshi bado ina mizigo yake. Vifaa vingi huagizwa nje kwa fedha za kigeni. Kisukari na ajali za bodaboda zinaleta waliokatwa viungo kwa kasi ambayo waanzilishi hawakuitarajia. Wagonjwa wengi hawawezi kulipia mguu, na wahitimu wengine huikuta hospitali ya mkoa bila tanuri wala shiti la plastiki. Chuo kinaweza kumfundisha fundi, lakini hakiwezi kuilazimisha serikali kumwajiri.

Kwa hiyo yeyote anayekusudia kuanzisha kliniki ya viungo bandia Kisangani, awe kanisa, shirika au wizara, na aangalie kilichofanyika Moshi kwa mpangilio wake: walimu kwanza, mtaala wa miaka mitatu usiopunguzwa, utambuzi wa kimataifa, vifaa vinavyokubali mazingira, kisha wenyeji kushika uongozi. Na kabla ya kununua tanuri la kwanza, bajeti ya mkoa ionyeshe nani atamlipa fundi mshahara mwaka wa kumi na moja, wafadhili watakapokuwa wameshaondoka. Jibu la swali hilo likipatikana kwa maandishi, kliniki imekwisha kuanza, hata kama matofali bado.